Maji ya Mubuku Yanarudi Kongo

Zamu ya kuandika historia imeniangukia mimi. Wengi mnanifahamu, mimi ndiye yule wa maji na usafi hapa Rwamwanja, yule anayewasumbua kila siku muoshe bidoni zenu ndani na nje. Nilikuwa nimepanga kuandika habari za reli. Lakini kuna neno niliambiwa kwenye bomba, likanikaa kooni, mpaka likanipeleka kwenye maporomoko ya maji mlimani Rwenzori. Kwa hiyo leo ni habari ya maji.

Ilikuwa kiangazi. Foleni ilikuwa ndefu, bomba linatoa maji kidogo kidogo kama mtu anayetoa deni. Mzee mmoja mwenyeji alikuja, akaona jerikani zake zimesogezwa nyuma. Hakupiga kelele. Aliniangalia mimi, kwa sababu ndiye nilivaa kikoti cha kujitolea, akasema: "Maji haya si ya kwenu. Ya kwenu yako Kongo."

Sikumjibu. Kazi ya kujitolea inakufundisha kunyamaza. Na kusema kweli, hakuwa na kosa lote. Kabla makazi haya hayajafunguliwa tena kwa ajili yetu mwaka 2012, yeye alikuwa anateka maji bila kupanga foleni na mtu. Mashirika yanasema lengo ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani jerikani moja. Siku ile jerikani moja ilikuwa ndoto, kwake na kwetu.

Lakini usiku sikulala vizuri. Nikajiuliza: maji ya mtu yanajulikanaje kwamba ni ya kwao? Maji yana kabila? Yana karatasi?

Kitswamba, kwa shangazi

Nina shangazi aliyeolewa Kitswamba, kwenye barabara ya Kasese kwenda Fort Portal. Yeye alivuka mpaka zamani, kabla ya vita vya sasa, akaolewa na Mukonzo. Nilipoenda kumsalimia nikamwambia lile neno la bomba. Akacheka, akasema, "Wewe mtoto wa kaka yangu, kama unataka kujua maji ni ya nani, panda uyaone yanapoanguka." Akaniunganisha na jirani yake, mzee ambaye ujanani alibeba mizigo ya watalii mlimani.

Asubuhi nikamsalimia yule mzee kwa Kinande: "Wavukire." Akanijibu kwa Lhukonzo: "Wabukire." Angalieni hapo tofauti iko wapi. Herufi moja tu! Akaniuliza jina. Nikasema Kasereka. Akasema, "Basi wewe ni mtoto wa kiume wa tatu. Sisi huku tunasema Masereka." Ndugu yangu anayenifuata ni Kakule, huku angeitwa Kule. Katembo huku ni Thembo. Mbusa ni Mbusa pande zote mbili. Nilikuwa bado sijaona hata tone la maji, na tayari nilianza kupata jibu.

Tulipanda boda mpaka njia inayoacha lami na kuelekea mlimani, upande wa Bugoye na Ibanda. Mbele zaidi kuna Nyakalengija, ambako watalii wanajiandikisha kabla ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori. Sisi hatukuingia ndani ya hifadhi, maana kule kuna ada. Njiani tulibishana kwa utani kwamba mkimbizi analipa kama mgeni, kama mkaaji, au kama mtu wa Afrika Mashariki, maana Kongo nayo imeingia Jumuiya mwaka 2022. Hatukupata jibu, tukapita kando, kwenye mashamba ya kahawa na migomba, mpaka kwenye kipande cha msitu kilichobaki bondeni, ambako kijito kimoja kinashuka kwenda kujiunga na Mto Mubuku.

Maporomoko unayasikia kabla ya kuyaona. Kwanza nilidhani ni lori linapanda mlima. Halafu hewa ikawa ya baridi, majani yote yana matone, mawe yana ukoka wa kijani unateleza vibaya sana. Nilianguka mara mbili, mzee hakuanguka hata mara moja, na alikuwa amevaa kandambili. Halafu tukatokea. Si makubwa. Sidhani kama yako kwenye kitabu cha watalii. Maji yanatoka kwenye mwamba mweusi, yanaanguka kama urefu wa nyumba mbili, yanapiga kisima chini na kutoa moshi mweupe. Nilisimama pale nikanywa kwa mkono. Ndiyo, mimi mtu wa klorini nilikunywa bila klorini, msinifuate kwa hilo.

Mzee akasema, "Haya yanatoka juu, kwa nzururu." Nzururu ni theluji. Ndiyo maana mlima unaitwa Rwenzururu, mahali pa theluji. Wazee wa Bakonzo waliamini kwamba huko juu kwenye weupe anakaa Kitasamba, roho mkuu wa mlima, na kwamba mtu hapandi huko kama anakwenda sokoni.

Majina yaliyoandikwa na mabega yasiyoandikwa

Sasa historia yenyewe. Kama miaka 1,900 iliyopita, Ptolemy, mtaalamu aliyeishi Misri, aliandika kwamba maji ya Nile yanatoka kwenye Milima ya Mwezi. Hakufika huku, alisikia tu. Wazungu wengi baadaye wakaitafuta hiyo milima. Mwaka 1864 Samuel Baker alifika kwenye ziwa ambalo wenyeji walilijua siku zote, akaliita Albert. Mawingu yalimficha huu mlima. Mwaka 1888 Stanley alipouona, kile kilichoonekana kama wingu kilikuwa theluji.

Mwaka 1906 akaja Mwitalia, mtoto wa ukoo wa kifalme, anayeitwa Duke wa Abruzzi. Alipita bonde hili hili la Mubuku. Juu kabisa, kwenye mwamba unaoitwa Bujongolo, aliweka kambi yake. Tarehe 18 Juni 1906 alisimama kwenye kilele cha juu, mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa kwao. Ukisoma ramani leo, milima sita ya Rwenzori iliyokuwa na barafu inaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa hapa.

Na mizigo nani alibeba? Bakonzo. Mahema, chakula, mashine ya picha ya Vittorio Sella ambayo wakati ule haikuwa kitu cha kuweka mfukoni, vyote vilipanda kwa mabega ya watu, kwenye tope linalofika magoti na baridi ya kukata masikio. Picha za Sella zipo mpaka leo na ni nzuri sana. Wale watu wamo kwenye baadhi ya picha hizo. Majina yao hayamo mlimani.

Mzee akaniambia babu yake pia alibeba mizigo ya wazungu. Nikamuuliza wazungu gani, mwaka gani. Akasema, "Alituambia tu walikuwa wanatembea polepole." Tulicheka mpaka mwangwi ukarudi.

Mstari juu ya kilele

Miaka minne baada ya Abruzzi, mwaka 1910, Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikaa Brussels wakapatana mipaka ya huku. Kwa upande wa Rwenzori, mstari ulipita juu ya mlima, kwenye kilele. Upande wa mashariki ukawa wa Mwingereza, upande wa magharibi wa Mbelgiji. Watu waliokuwa wanapeana wake, mbuzi na chumvi wakaamka wamekuwa raia wa serikali mbili. Wa huku wakaendelea kuitwa Bakonzo, wa kwetu wakaitwa Banande. Lugha ikabaki moja, ila ile herufi ya salamu.

Huku Uganda Bakonzo na Baamba waliwekwa chini ya ufalme wa Toro. Walilalamika miaka mingi juu ya kodi, shule na vyeo. Mwaka 1962, mwaka ule ule wa uhuru wa Uganda, Isaya Mukirania na wenzake walijitangazia Rwenzururu yao, wakaenda kukaa mlimani. Mapigano yalichukua miaka. Mtoto wake, Charles Mumbere, alishuka kutoka mlimani mwaka 1982 kwa makubaliano, na ufalme wa Rwenzururu ukatambuliwa na serikali mwaka 2009. Hiyo haikuwa mwisho wa damu Kasese, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine na inataka mwandishi mwenye umri kunizidi.

Mimi ninachotaka mshike ni hiki: mlima huu umekuwa kimbilio mara nyingi. Na pia umekuwa maficho ya watu wabaya. Miaka ya 1990 wapiganaji wa ADF walikaa humo. Hifadhi ilifungwa kwa watalii kuanzia 1997 mpaka 2001. Watu wa mabondeni walihama, wengine wakalala kwenye vibanda vya turubali kama sisi. Mzee alinionyesha ng'ambo ya bonde palipokuwa nyumba yake. "Na mimi nimewahi kupanga foleni ya unga," akasema. Alisema hivyo tu, akaendelea kutafuna muwa.

Hao hao ADF walivuka kwetu. Kuanzia Oktoba 2014 mauaji ya Beni yakaanza, na nadhani wengi wenu hamhitaji nieleze. Juni 2023 wakarudi upande huu, Mpondwe, wakavamia shule usiku. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Kwa hiyo mtu akisema vita ni vya Wakongo, mwambieni apite Mpondwe awasalimie wale wazazi.

Maji yanafanya kazi

Turudi kwenye maji. Baada ya kisima cha maporomoko, kijito kinaingia Mubuku, na hapo maji yanaanza kuajiriwa.

Ajira ya kwanza kubwa ilitoka Kilembe. Mwaka 1956 mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kutoa mali, na mwaka huo huo reli kutoka Kampala ikafika Kasese. Mgodi unataka umeme, kwa hiyo maji ya Mubuku yalikamatwa yakazungusha mitambo kwa ajili yake. Mji wa Kasese ulikua kwa shaba hiyo, yaani kwa maji haya. Miaka ya 1960 yakafunguliwa mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku kule tambarare, ambako mvua ni chache. Mwaka 2009 kituo kingine cha umeme kikaanza Bugoye, megawati 13.

Lakini maji si mtumishi tu. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika, ukabeba nyumba na watu kuanzia Kilembe mpaka Kasese mjini. Mei 2020, tukiwa tumefungiwa ndani na korona, mito ikafurika tena, Nyamwamba, Mubuku na mingine, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya sana. Wenyeji wa Kasese wakawa wakimbizi wa maji, wakalala kambini kwenye wilaya yao wenyewe.

Na kule juu nzururu inaisha. Wakati wa Abruzzi barafu ya Rwenzori ilifunika karibu kilomita za mraba 7. Leo haifiki hata moja. Mito haitakauka kesho, maana maji mengi yanatoka kwenye mvua, misitu na vinamasi vya mlimani. Ndiyo maana mzee alinikemea nilipovunja tawi la kushikilia. "Huo mti ndio jerikani yako," akasema.

Halafu yanakwenda wapi?

Hili ndilo lililonifanya niandike. Nilimuuliza mzee maji yakitoka hapa yanaenda wapi. Akasema, "Ziwani." Nikarudi kwa shangazi, nikafungua ramani kwenye simu, nikaanza kuufuata mto kwa kidole. Fanyeni na nyinyi.

Mubuku unashuka tambarare unaingia Ziwa George. Mto Mpanga, unaotoka upande wa Fort Portal na kupita Kamwenge, wilaya yetu hii, nao unaingia humo humo. Ziwa George halina kina kirefu, maji hayakai sana. Yanatoka kwa mfereji wa Kazinga yanaingia Ziwa Edward. Na mto wa Lubiriha, ule wa mpakani kati ya Mpondwe na Kasindi, unaenda Ziwa Edward pia.

Mimi nilidhani hapo ndipo mwisho. Kumbe Ziwa Edward lina mlango mmoja wa kutokea, na mlango huo uko Kongo. Unaitwa Semliki. Mto Semliki unatoka kaskazini mwa ziwa, unapita nyuma ya mlima, chini ya Beni, unakusanya na maji yote yanayoshuka upande wetu wa magharibi, halafu unaenda Ziwa Albert. Yaani lile tone lililoanguka mbele yangu linazunguka mlima mzima, linavuka mpaka, linaingia Kongo, linakutana na dada yake aliyeangukia upande wa pili wa kilele kile kile. Mstari wa Brussels uliwagawa juu, chini wanakutana.

Hata majina ya wakubwa hayakuyasimamisha. Mwaka 1973 Amin na Mobutu walijipa maziwa: Edward likaitwa Idi Amin, Albert likaitwa Mobutu. Wote wawili wamekwisha. Maji bado yanapita. Kutoka Albert yanakuwa Nile, yanaingia Sudan Kusini kwa Nimule, kwa hiyo ndugu zetu wa Juba msikae pembeni mkasema hadithi hii haiwahusu.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2014 mwishoni, mimi nikiwa na miaka 13, tulikimbia kutoka Beni kwa barabara ya Kasindi. Barabara hiyo inavuka Semliki kwa daraja. Tulivuka kwa miguu, jua kali, mama amebeba mdogo wetu na mimi nimebeba bidoni tupu ya njano. Watu walikuwa wanateremka kando ya daraja kuteka maji. Nikateremka na mimi, nikajaza nusu, kwa sababu nzima singeiweza. Maji yale tuliyanywa mpaka Mpondwe.

Kwa miaka yote nilikumbuka yale kama maji ya mwisho ya kwetu. Siku ile Kitswamba, na kidole kwenye ramani, nikaelewa kwamba sehemu ya maji yale yalikuwa yametoka huku. Yalitoka kwa yule mzee wa kandambili, yakapita mashambani, kwenye mitambo ya umeme, kwenye maziwa mawili, yakanifuata mpaka darajani. Nilikuwa nimeyanywa maji ya Uganda kabla sijakanyaga Uganda, na nilidhani ni ya kwetu. Sikukosea.

Nilichomwambia mzee wa bomba

Niliporudi Rwamwanja nilimtafuta yule mzee wa foleni. Sikwenda kushindana. Nilimsaidia kuinua jerikani, halafu nikamwambia habari hii kama mlivyoisoma, kwa kifupi. Alinisikiliza. Mwisho akauliza, "Na sasa hiyo historia yako inaongeza maji kwenye bomba?"

Nikasema hapana, haiongezi. Alikuwa na haki. Bomba linataka pampu, fundi na watu wa kulinda chanzo, na hapo ndugu zetu wa mashirika mnaosoma, mnaelewa: mkipanga maji ya wakimbizi pangeni na ya wenyeji kwenye karatasi moja, maana foleni ni moja.

Lakini aliniuliza pia kitu cha pili. "Huko darajani, mlipoteka, kuna mtu aliwaambia maji si yenu?" Nikafikiri. Kulikuwa na watu wa kijiji pale, wanafua nguo. Mama mmoja alitushikia bidoni isipinduke tukijaza. Nikamwambia hapana, hakuna aliyesema.

Hakujibu neno. Alifunga jerikani zake kwenye baiskeli, akaondoka. Tangu siku hiyo tunasalimiana, ingawa foleni bado ni ndefu.

Wandugu, kazi yenu wiki hii ni rahisi. Chagueni mto mmoja wa kwenu, Kongo, Burundi, Sudan Kusini, popote. Ufuateni kwa kidole mpaka mwisho. Halafu muulizeni mzee mmoja anayeujua, na mwandike jina lake kama amekubali. Yule wangu alikataa, akasema yeye si mlima. Nimeheshimu.

Wasingya. Neno hilo, pande zote mbili za mlima, ni asante.